Kabla Hawajatawanyika

Alhamisi ya mwezi wa tano, Glasgow.
Saa mbili usiku na jua bado linabishana na mapaa.
Amria amebeba kadi yake ya kura
kama mtu aliyepewa yai avuke nalo barabara.
Ana miaka kumi na sita na siku tisa.
Ni kura yangu ya kwanza mimi pia, mamake,
ila hilo sikumwambia.

Njiani analirudia lile la chuoni.
Maalim Badawi kasema kura ni amana,
na amana haiwekwi kwenye kiganja kinachokua.
"Mbona Sala niliwekewa?
Mbona saumu ya saa kumi na saba?"
Jibu sina. Nina mwavuli na mfuko wa vitunguu.

Naikumbuka asubuhi ile Springburn, ghorofa ya kumi na moja,
lifti imekufa, naye ana miaka kumi na mmoja,
ananionyesha nguo ya ndani, mkono unamtetemeka.
Nilimwambia alivyoniambia mama:
mtoto kalamu huinuliwa juu yake hadi abaleghe.
Yako imeshuka leo, mwanangu. Inaandika.

Lakini damu ni mlango mmoja.
Kuna wa pili, vitabuni waitwa rushdi:
wajaribuni mayatima, mkiwaona wana busara
ndipo muwakabidhi mali zao.
Basi nilimjaribu. Pauni ishirini,
za mchele na dawa ya kikohozi ya mdogo wake.
Akarudi na dawa, nusu ya mchele,
na rangi ya kucha ya kijani.
Nilifoka, nikahesabu chenji mara mbili,
kisha nikamkumbuka babake,
miaka arobaini na mitatu,
aliyeuza gari alipe deni la rafiki asiyemjua vizuri,
wala hakuna aliyemnyang'anya kadi.

Lali haingii nasi. Amekaa ukutani, nje ya lango,
nimemwachia vitunguu.
Mwana wa dada yangu. Mimi nilimpokea akizaliwa,
kitovu chake nilikifunga kwa uzi wa mkeka.
Hapa watu wawili walikaa mezani,
wakatazama taya, wakasikiliza sauti,
wakatazama ndevu zilizomwotea safarini,
wakaandika: ishirini. Tarehe mosi Januari.
Alikuwa na kumi na tano.
Wakamlaza hotelini na wanaume wazima.
Mkubwa wa kunyimwa kitanda cha mtoto,
na leo, bila karatasi, si mtu wa kuhesabiwa.

Sijidanganyi. Mafakihi wetu nao
walitazama nywele, sauti, ndoto za usiku.
Ila walipoingiwa na shaka
walimwacha mtoto awe mtoto,
kwani asili ya kitu ni kubaki kilivyokuwa.
Sijui neno hilo lingeandikwaje
kwenye ile fomu.

Na Maalim huyo huyo, siku moja akivaa viatu,
aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya jirani:
wako Wamaliki, si madhehebu yetu,
wanaoupokea ushahidi wa watoto
juu ya majeraha waliyotiana wenyewe,
kwa sharti moja, wasiwe wametawanyika,
mkubwa asiwe amewafikia kuwafundisha la kusema.
Akafunga kamba ya kiatu, akaenda zake.

Ukumbi ni wa shule ya msingi.
Viti vya chini mno, viganja vya rangi vimebandikwa ukutani.
Penseli imefungwa kwa uzi, isiibiwe.
Mimi nimemaliza. Amria bado;
naiona miguu yake tu chini ya ubao,
soksi moja imeshuka, kidole gumba kinapiga sakafu.
Kalamu iliyomshukia miaka mitano
sasa yeye ndiye ameishika.

"Umempa nani?" namuuliza mlangoni.
"Ushahidi wangu, mama."
Na kucha zake, nazitazama, bado ni kijani.

Lali anainuka, anaupangusa ukuta matakoni.
"Kuna mahali wanauliza tarehe ya kuzaliwa?"
"Kwenye karatasi ya kura? Hapana."
"Afadhali," anasema,
ananirudishia vitunguu.